Shangazi, Daktari wa Benchi

Kwenye familia yetu kila mtu ana kazi inayoeleweka, isipokuwa shangazi. Baba ni mwalimu wa hesabu, anaeleweka. Mume wa shangazi ni fundi wa mafriji, huyo anaeleweka kupita kiasi, maana ukimkaribisha chakula anaanza kwenda kusikiliza friji lako linavyonguruma. Sasa shangazi? Shangazi analipwa na chuo kikuu kukaa benchi na kuangalia wasichana wakicheza mpira. Kucheza hachezi. Kushangilia hashangilii. Timu ikifungwa anaandika, timu ikifunga anaandika, mvua ikinyesha anafungua mwavuli, anaandika.

Jina la kitaalamu ni mwanasosholojia wa jinsia katika michezo ya wanawake. Bibi alijaribu kulitamka siku moja mbele ya wageni, akakwama katikati, akasema tu "anafanya kazi za maofisini," mambo yakaisha.

Aliyeumia hasa ni babu. Alimpeleka akasome sheria, na tayari alishaanza kuwatishia majirani kuwa binti yake atawashtaki. Shangazi akarudi likizo, akamwambia amebadili kozi na utafiti wake utahusu mpira wa wanawake. Babu aliweka kikombe chini taratibu.

"Yaani nimekusomesha mpaka chuo kikuu uende ukaangalie mpira? Mjomba wako anaangalia bure!"

"Mjomba anaangalia mpira, baba. Mimi nitaangalia wanaouangalia."

"Toka hapa."

Akatoka. Akaenda moja kwa moja uwanjani.

Utafiti wake wa kwanza alikaa katikati ya mashabiki msimu mzima na kinasa sauti mapajani. Alitaka kujua kitu kimoja tu: watu wanapigia wanaume kelele gani, na wanawake kelele gani. Wanaume walipigiwa "Toa pasi!", "Rudi nyuma wewe!", na "Refa, vaa miwani!" Wanawake walipigiwa "Utaolewa na nani na miguu hiyo?", "Mtoto umemwachia nani?" na, nyota wa mkusanyiko wote, "Kipa, angalia kucha zako!" Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila mechi kuwaambia wachezaji warudi nyumbani wakapike. Hakukosa hata moja. Alijua nani anaumwa goti, nani amehama timu, nani anapenda kupiga kwa kushoto. Shangazi akampa sura nzima kwenye kitabu chake, akamwita shabiki mwaminifu kuliko wote wa kitu anachokichukia. Mzee akanunua nakala mbili.

Halafu akahamia kwa watangazaji wa redio. Kuna mmoja alikuwa na mtindo wake: "Mama wa watoto wawili anaachia shuti, goooo!" Shangazi akapiga simu kwenye kipindi, sauti ya upole kabisa. "Samahani mtangazaji, lile bao la jana la wanaume, lilifungwa na baba wa watoto wangapi?" Kikafuata kipande kirefu cha muziki.

Mambo haya nyumbani tunayacheka mpaka mbavu zinauma. Makala moja tu hatuigusi. Kulikuwa na mshambuliaji mmoja mwenye sauti nzito na mabega mapana, na kocha wa timu pinzani, baada ya kufungwa, akadai msichana huyo atolewe pembeni akachunguzwe kama ni mwanamke kweli. Shangazi alifuatilia kisa kile miezi mingi, akaandika nini kinamtokea mtu akiambiwa mbele ya uwanja mzima athibitishe mwili wake. Yule mchezaji aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye begi la viatu. Msimu uliofuata akafunga mabao kuliko wote.

Sasa, shangazi ana sheria mbili za kazi, na anazishika kama watu wengine wanavyoshika dini. Ya kwanza: mtafiti haingilii. Hata wakipigana ngumi mbele yake, yeye ni macho na kalamu. Ya pili: hakuna anayeandikwa bila kukubali kwa mdomo wake, na aliyekubali anaweza kujitoa muda wowote, hapo hapo vyake vyote vinafutwa bila kumuuliza kwa nini. Anamuuliza kila mtu. Aliwahi kumuuliza mume wake mezani.

"Mume wangu, unakubali nikuandike unavyoniomba nikupe chumvi iliyoko karibu na mkono wako?"

"Nakubali."

Baada ya dakika moja hivi akili ikamrudia. "Aa, najitoa!"

Akafuta, kweli. Na chumvi akampa.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa, kasoro moja. Chuo kiligoma kumpa uprofesa. Aliomba mara ya kwanza, kamati ikasema mada yake ni finyu. "Nusu ya binadamu ndiyo finyu?" aliuliza, wakamwambia maswali hayaruhusiwi. Mara ya pili wakasema hana umbali na anachokitafiti, maana yake ni shabiki tu aliyevaa miwani. Na kanuni za chuo ziko wazi: ukikataliwa mara tatu, huombi tena. Unastaafu ukiitwa mhadhiri mwandamizi, cheo ambacho shangazi anasema kinasikika kama ugonjwa wa magoti. Hii ilikuwa mara ya tatu, na safari hii kamati ikasema haitasoma tu, itakuja uwanjani kujionea hicho kinachoitwa utafiti.

Mimi wakati huo nilikuwa kipa wa akiba wa timu ya wanawake ya chuo, yaani mtazamaji mwenye glavu. Shangazi alishanitoa kwenye utafiti siku nyingi. "Wewe ni damu yangu. Ukifanya ujinga nitakuonea aibu, nitashindwa kuuandika." Sawa. Lakini nilikuwepo chumba cha kubadilishia nguo, ambacho kwa kweli ni stoo ya rangi na mifagio, nahodha wetu alipoitisha kikao. Nahodha tulimwita Kamanda.

"Daktari ametuvumilia miaka yote hii," Kamanda akasema kumhusu shangazi, amekaa juu ya ndoo ya rangi. "Leo na sisi tumbebe."

"Tumbebe vipi?"

"Hao maprofesa wanakuja kuona jinsia. Tuwaonyeshe jinsia."

Beki wa kushoto akainua mkono. "Inaonyeshwaje, Kamanda? Tuvue?"

"Mjinga wewe! Kwa maneno! Kwani hamjamsikia Daktari anavyoongea? Mfumo dume. Dhana. Muundo wa kijamii. Kila mtu achukue neno lake, alifanyie mazoezi."

Ningeweza kusema kitu. Lakini nakwambia ukweli, nilikuwa nacheka sana hata sauti haitoki.

Siku ikafika. Shangazi alivaa gauni lake la mahafali ya watu wengine na viatu vya uwanjani. Kamati ilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na Mama Fizikia, mama mfupi wa idara ya fizikia anayeuliza maswali kama anapiga msumari. Kulikuwa na profesa wa kilimo, ambaye alikaa kwenye kiti, akakunja mikono na kusinzia kabla hata mpira haujaguswa. Na kulikuwa na Mwenyekiti, profesa wa uchumi, kitambi cha heshima, begi la michezo begani. Mwenyekiti pia ni mshambuliaji wa Wakongwe, timu ya wanaume wafanyakazi wa chuo. Hajawahi kufunga, lakini penalti zote anapiga yeye.

Pale getini shangazi aliwashika mmoja mmoja na kinasa sauti chake. "Unakubali nikuandike ukiwa uwanjani?"

"Nakubali," akasema Mama Fizikia.

"Mmh," akasema wa kilimo.

"Andika, andika tu Daktari," Mwenyekiti akacheka. "Leo wewe ndiye unayeandikwa."

Mazoezi yakaanza. Dakika za mwanzo safi. Halafu winga wetu akakwatuliwa, akabiringika mara mbili zaidi ya inavyohitajika, akapaza sauti kuelekea kwenye viti:

"Jamani! Nimeangushwa na mfumo dume!"

"Si mimi niliyekupiga mtama?" beki wa kushoto akamnong'oneza.

"Nyamaza, nimelichukua neno langu."

Kamanda akakosa bao lango likiwa wazi. Akashika kichwa. "Hii ni dhana potofu!" Kipa wetu wa kwanza akapitwa na mpira katikati ya miguu, akasimama wima kama anatoa hotuba: "Lango lenyewe ni muundo wa kijamii!" Beki wa kushoto, masikini, neno lake lilikuwa refu, akalisahau, akabaki anasema "Uke... uke... ukeni... basi."

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa amejing'ata mdomo, macho yamemtoka kama mtu anayeona nyumba yake inaungua na ameapa kutogusa maji. Asingeweza kuwaambia waache. Sheria ni sheria. Mwenyekiti yeye alikuwa anaandika kwa raha zote.

"Daktari," akasema, "mabinti zako umewafundisha vizuri."

"Sijawafundisha kitu."

"Naona. Wamezaliwa wanajua."

Mama Fizikia naye alikunja uso. Hata mimi niliyekuwa nacheka nikaacha. Nikajua hapa tumemmaliza shangazi wetu kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa mapenzi.

Ilipogonga saa kumi na moja, Wakongwe wakaanza kuingia kama kawaida yao, na bukta zao zinazokaribia kifuani. Hakuna aliyetusalimia. Mmoja akaanza kupiga danadana katikati ya mazoezi yetu. Mwenyekiti akatazama saa, akafunga karatasi zake, akafungua begi na kuanza kuvua viatu vya ofisini. Alifanya hivyo kama mtu anayefika kwake na kuvua kofia. Akapiga makofi mawili.

"Haya mabinti, asanteni sana. Wenyewe tumefika."

Na sisi tukaondoka. Hapo hapo, bila neno. Kamanda akakusanya koni, winga akaokota mipira, kipa akavuta neti ndogo, tukaelekea nyuma ya jiko la chuo, kwenye kile kipande chenye changarawe tunachomalizia mazoezi kila siku. Hakuna aliyekumbuka mfumo dume. Hakuna aliyekumbuka dhana. Kwa kweli hakuna aliyeona kuwa kuna kitu kimetokea.

Shangazi aliona. Miaka yote alikuwa anakiandika, na kamati zote mbili zilikisoma zikasema ni mambo madogo. Sasa kalamu yake ilikuwa inakimbia.

Mama Fizikia akasimama. "Samahani!" Akamwita Kamanda. "Mbona mnaondoka?"

Kamanda akashangaa, koni kifuani. "Si wenyewe wamekuja, mama."

"Wenyewe ndio kina nani?"

"Hawa."

"Kuna ratiba mahali inasema saa hizi ni zao?"

Kamanda akamtazama winga. Winga akamtazama kipa. Kipa akanitazama mimi, kana kwamba kipa wa akiba ndiye anayetunza ratiba.

"Mwenyekiti," Mama Fizikia akageuka, "ratiba iko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa na kiatu kimoja cha mpira mguuni na kingine mkononi. "Ratiba ya nini sasa? Tumezoea hivyo. Hawa watoto hata hawalalamiki."

"Kumbe tunaweza kulalamika?" Kamanda akauliza. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza kama duka limefunguliwa.

Akarudi mpaka katikati ya uwanja, kwenye duara, akaweka koni moja chini. Akaweka ya pili. Wengine wakamfuata. Wakongwe wakabaki wamesimama na mpira wao kama watu walioshushwa kituo kisicho chao.

"Daktari," Mwenyekiti akasema, "hebu waambie hawa."

"Siruhusiwi kuingilia," shangazi akasema, bila kuinua macho.

Nakuapia, ile sauti ilikuwa tamu kuliko sukari.

Ndipo Mwenyekiti akakiona kinasa sauti juu ya benchi, taa yake nyekundu inawaka. "Hicho kinanasa?"

"Tangu ulipokubali getini."

Akasogea karibu, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa naokota mpira pale pale. "Daktari. Najitoa. Futa yangu yote. Halafu hili la uprofesa tutalizungumza vizuri, mimi na wewe tunaelewana."

Pale mkononi mwa shangazi kulikuwa na ushahidi ambao hajawahi kuupata maisha yake yote: mwenyekiti wa kamati inayosema mada yake si kitu, akiifanya mada yenyewe mbele ya kamati, kwa sauti yake. Na sheria yake ya pili inasema mtu akijitoa, unafuta. Nilitaka kupiga kelele, shangazi, safari hii tu, jifanye husikii!

Akachukua kinasa sauti. Akabonyeza. Akachana pia karatasi aliyokuwa ameiandika, akampa mkononi.

"Nimefuta. Ni haki yako," akasema. "Hilo la kuzungumza vizuri sikuliomba. Kama unanipa uprofesa, nipe kwa kazi yangu. Kama unaninyima, ninyime mbele ya wenzako, kwa sauti kila mtu asikie."

Mwenyekiti akakunja karatasi, akavaa tena viatu vya ofisini. Cha mpira kimoja akakisahau chini ya benchi.

Usiku ule nyumbani shangazi hakula. Mume wake alimuuliza kwa nini amefuta, akasema: "Nikiwafutia wasichana wakiomba na nikamkatalia yeye kwa sababu ni mkubwa na ananiudhi, basi mimi ni mbea tu mwenye digrii." Mume wake akatikisa kichwa, akaenda kusikiliza friji.

Yaliyotokea kwenye kikao cha kamati tuliyajua kwa Mama Fizikia, ambaye siri haimkai. Mwenyekiti alifungua kwa kusema mwombaji hana ushahidi wowote wa siku ile, na kwamba wachezaji walikuwa wamekaririshwa.

"Wamekaririshwa, ndiyo," Mama Fizikia akamjibu. "Nusu saa nzima waliigiza vibaya kuliko watoto wa chekechea. Halafu ukavua viatu, wakaacha kuigiza. Hapo ndipo nilipoelewa kitabu chake chote."

"Lakini hilo lilifutwa."

"Limefutwa kwenye kinasa sauti. Mimi niliomba kufutwa?"

Mwenyekiti akamgeukia profesa wa kilimo, tegemeo lake la mwisho, mtu aliyelala tangu mwanzo. Yule mzee akajikohoza.

"Mimi niliamka ulipopiga makofi," akasema. "Mke wangu ananiambia kila siku kwamba na mimi napiga makofi hivyo hivyo nikitaka chai. Nilikuwa nabisha."

Kura mbili kwa moja. Shangazi akawa profesa.

Ungedhani angefurahi. Alifurahi, usinielewe vibaya, alicheza sebuleni mpaka mume wake akafunga pazia. Bibi alizunguka kwa majirani wote kuwaambia mwanawe amepanda cheo, na walipouliza cheo cha nini, akawaambia cha mpira, na ole wao waliocheka. Lakini wiki iliyofuata Profesa alienda uwanjani na kiti chake, akakaa, akasubiri. Ikafika saa kumi na moja. Wakongwe wakaja, wakasimama pembeni. Kamanda akawaambia, "Shikamooni wazee, tunamaliza kipindi hiki, nyie mtapata nusu ya pili." Wakasubiri! Mmoja hata akaturushia mpira uliotoka nje.

Shangazi akatazama kalamu. Akatazama ukurasa, mweupe kama meno ya tangazo. Akampigia simu Mama Fizikia pale pale, tena kwa ukali.

"Wewe! Unajua umefanya nini? Miaka yote nimekaa hapa nachunguza kwa nini wanaondoka. Umeuliza swali moja, hawaondoki tena! Sasa nitaandika nini?"

"Si uandike kwa nini hawaondoki?"

Shangazi akakata simu. Akanuna kama robo saa hivi. Halafu akampigia tena, akamkaribisha mechi ya Jumamosi, kwa sharti moja: akae, atazame, mdomo ufungwe.

Jumamosi Mama Fizikia akaja na kofia na filimbi. Kipindi cha kwanza hakijafika katikati, alikuwa amesimama juu ya kiti, anamwambia refa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu atayasoma. Watu wote wakageuka kumtazama.

Shangazi alihamisha kiti chake polepole, akakaa upande wa pili ambako anamwona vizuri, akawasha kinasa sauti.

"Mama Fizikia," akamwita, "unakubali nikuandike?"